Mto Isiukhu Hauna Tanga

Hoja ya mwandishi mmoja, iliyochapishwa, ni hii: mtu wa Kakamega akienda likizo Lamu asilipie jahazi lenye nahodha na mabaharia, akodi chombo akiendeshe mwenyewe, kama watalii wa mifereji ya Uingereza.

Mifereji ya Uingereza! Maji yale yametulia, na ukikosea unagonga ukingo wa nyasi. Lamu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Hori la mikoko la kuendea magofu ya Takwa, kisiwani Manda, hupitika maji yakijaa tu. Ukikwama topeni, pesa uliyookoa itakusukuma?

Lakini kituko hasa ni dai kwamba "maji ni maji", aliyezoea mto Isiukhu wa kwetu Kakamega hatashindwa. Isiukhu una tanga gani? Kugeuza jahazi, foromali nzima, ule mti unaobeba tanga, huzungushwa mbele ya mlingoti, watu wakivutana na kamba. Mwandishi atavuta kwa mkono upi, na usukani aushike kwa upi?

Eti mabaharia ni anasa. Hao ndio wanaokupikia samaki juu ya makaa na kukutandikia godoro sitahani. Choo? Hapo namuunga mkono mwandishi anaposhauri: uliza kabla ya kulipa. Uliza pia saa ya maji kujaa, maana ndiyo ratiba yenyewe.