Mshtakiwa Ni Chumba, Si Spika

Ukiniambia spika zako hazina sauti nzuri, sitakuuliza umezinunua kwa bei gani. Nitakuuliza sakafuni kuna nini.

Nasema kwa uchungu, maana nimeshamhukumu asiye na hatia. Nilipoanza shahada ya uzamili Dar es Salaam, baba alinipa redio yake na zile spika mbili za mbao alizokuwa akimsikilizia Mbaraka Mwinshehe sebuleni kwetu. Nikazipeleka kwenye chumba cha kupanga: mita 3 kwa 3, kuta za tofali za saruji, marumaru chini, dirisha la vioo. Besi ikanguruma, sauti ya mwimbaji ikazama. Muuzaji mmoja wa vifaa akatikisa kichwa: "Hizo zimezeeka, kaka." Nikamwachia spika za baba kwa bei ya chakula cha wiki, nikaongeza akiba yangu ya miezi minne, nikarudi na mpya. Zikanguruma vilevile.

Hapo ndipo nilipopiga hesabu niliyopaswa kuipiga mwanzo. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Kati ya kuta mbili zilizoachana mita 3, wimbi linalotetema takriban mara 57 kwa sekunde hutoshea barabara; huenda na kurudi likijiongezea nguvu. Uzi wa A wa gitaa la besi hutetema mara 55. Chumba cha mraba hurudia kosa hilo mara mbili, kwa urefu na kwa upana. Nami nilisikilizia kitandani, mgongo ukutani, pale pale wimbi hilo linapovuma zaidi.

Wala si elimu mpya. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilimkabidhi mwanafizikia Wallace Sabine ukumbi wa mihadhara ambamo mwangwi ulimeza maneno ya msemaji. Sabine hakukimbilia dukani. Usiku alileta mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akapima jinsi sauti ilivyozidi kufa upesi kadiri mito ilivyoongezeka. Makochi ya mama, mapazia yake mazito, zulia lile tulilolicheka: hivyo vyote vilikuwa nusu ya redio ya baba, na hakuna aliyevihesabu.

Mtanijibu kwamba mpangaji hachagui chumba. Sawa, lakini kuibiwa anaweza kukataa. Kabla hujatoa pesa, simama katikati ya chumba upige kofi moja. Ukisikia mlio unaochelewa kufa, tandika zulia, tundika pazia zito. Ondoa spika kwenye kona, sogeza kiti mbali na ukuta. Trei za mayai waachie wenye kuku; wimbi la besi lenye urefu wa mita 6 halizioni. Muuzaji hatakuambia haya, kwa sababu kusogeza kiti hakuna risiti.

Siku hizi chumba changu kina zulia, na spika mpya zinaimba vizuri. Za baba zingeimba vilevile. Wiki iliyopita alipiga simu kuziulizia, nikamweleza ukweli wote. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Kwani mwanangu, ulikuwa umeziweka kwenye kona?"