Maarifa ya Maumbile: Konokono wa Pwani na Jamaa Yake wa Misfat



Mwezi huu tunajibu barua ya mama mmoja. Mwanawe amepewa shuleni konokono mkubwa wa Afrika, anamfuga katika sanduku la kioo, na wakati wa likizo angependa kwenda naye kwa babu yake katika kijiji cha Misfat al Abriyeen, wilaya ya Al Hamra, Omani. Mama anauliza mambo mawili: je, Omani wapo konokono wa aina hiyo? Na je, yafaa kusafiri naye? Tutaanza na la kwanza, kwani ndani yake limo jibu la la pili.

Jina la kitaalamu la konokono huyo ni Lissachatina fulica. Asili yake ni mwambao wa Afrika Mashariki, na waliokulia huko wanamjua vyema: hutoka usiku, baada ya mvua, akatambaa juu ya migomba na mboga. Gamba lake la rangi ya hudhurungi huweza kufikia sentimita 20, ingawa wengi hawazidi nusu ya kipimo hicho. Hana matamvua kama samaki. Huvuta hewa kwa pafu. Macho yake yako kwenye ncha za vipembe viwili virefu, na ulimi wake umejaa vijino vingi mno, ambavyo hukuna majani kama mbuzi ikunavyo nazi. Tena ni huntha: kila mmoja ana maumbile ya kiume na ya kike. Kwa mara moja huweza kutaga mayai 100 hadi 400, akayafukia udongoni.

Wataalamu hupanga viumbe kwa daraja: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Konokono wetu yumo katika familia ya Achatinidae. Zamani upangaji huu ulitegemea sura ya gamba na viungo vya ndani. Siku hizi hutazamwa pia chembe za urithi, na hapo ndipo ulipofichuka udugu ambao macho hayakuuona. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba konokono wadogo wembamba waliokuwa wakihesabiwa kuwa familia ya peke yao, Subulinidae, hawatengeki na Achatinidae. Ndiyo maana sasa wengi wao huwekwa katika familia hiyo moja.

Miongoni mwa wadogo hao yumo Zootecus insularis, aliyeelezwa na Ehrenberg mwaka 1831. Huyu ni mkaazi wa nchi kavu, tangu Visiwa vya Cape Verde, kupitia Bara Arabu, hadi India na Burma. Na Omani ni katika makaazi yake. Gamba lake ni jeupe, lenye urefu wa sentimita 1 hivi. Jina la jenasi yake, kwa Kigiriki, lina maana ya mwenye kuzaa watoto hai. Na kweli, mayai yake huanguliwa ndani ya mwili wa mzazi. Hekima yake haijifichi: katika ardhi ya namna ile, yai laini likiachwa nje litakauka upesi.

Basi jibu la swali la kwanza ni kwamba jamaa yuko, tena wa ukoo mmoja, ila mtoto asitazamie kuona mfano wa konokono wake. Mmoja aliumbiwa mvua za pwani, mwingine ukame wa milimani.

Sasa la pili. Konokono mkubwa naye ana subira yake. Kiangazi kikimkuta hujifungia ndani ya gamba, akaziba mlango kwa utando mgumu, akakaa miezi bila ya kula. Subira hiyo ndiyo iliyomfanya msafiri wa hatari. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1800 alikwisha fika Mauritius. Mwaka 1847 Benson alimtoa huko akamwachia Calcutta. Na mwaka 1936 akaingizwa Hawaii. Kila alipofika alishambulia mimea. Isitoshe, huweza kubeba mnyoo wa mapafu ya panya, ambao ukimwingia binadamu huweza kuleta uvimbe katika utando wa ubongo.

Kisa cha Florida kinafanana mno na barua yetu. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirejea Miami kutoka Hawaii na konokono watatu. Bibi yake akawaachia bustanini. Baada ya miaka saba walikuwa wamekusanywa zaidi ya 18,000, na kuwamaliza kuligharimu takriban dola milioni moja.

Natuitazame Misfat, basi. Milima yake ni ya mawe ya chokaa, nayo chokaa ndiyo ijengayo gamba. Maji ya falaji hupita katika mashamba ya ngazi, chini ya mitende, migomba na mindimu, na kuta za mawe zina nyufa zisizohesabika. Konokono wa pwani angetaka nini zaidi? Mashamba yaliyotunzwa na mababu kwa karne nyingi yasitiwe hatarini kwa ajili ya tunu ya mtoto.

Kwa hiyo, mama, konokono abaki. Akabidhiwe mwalimu au jirani mwaminifu. Wala asitupwe bustanini huko mliko. Mtoto achukue picha yake. Akifika Misfat, amshike babu mkono, watoke nje ya mashamba, wainue mawe taratibu na kutafuta vigamba vyeupe. Kisha warudishe kila jiwe mahali pake na kunawa mikono kwa sabuni. Akipata kigamba kimoja akiweke kando ya ile picha, atakuwa na la kuwasimulia wenzake darasani.

Wabillahi tawfiq. Tukutane mwezi ujao, inshallah.