Mwanaume Naye Apapase Kifua Chake

Kila Oktoba tunabandika kliniki mabango ya saratani ya matiti, na karibu yote yana sura za wanawake. Mimi ni muuguzi, na kwangu mabango hayo hayatoshi. Mwanaume naye ana titi, dogo, nyuma ya chuchu, na saratani huota humo. Katika kila wagonjwa 100 wa saratani hii, mwanaume ni takriban mmoja. Uchache huo ndio unaomponza: haitarajii yeye, wala mkewe, wakati mwingine hata tabibu.

Namkumbuka mzee mmoja seremala. Chuchu yake ya kushoto ilikuwa imezama ndani, na chini yake pana uvimbe mgumu kama kokwa, usiouma. Alidhani aligongwa na ubao. Damu ilipoanza kutokea kwenye fulana akaifua mwenyewe usiku, akanunua dawa ya jipu. Alipotufikia, tezi za kwapani zilishavimba. "Mwanangu," aliniambia, "kijiweni ningeanzaje kusema naumwa titi?"

Matone ya damu kwenye shati ndiyo yaliyomshtua pia Mathew Knowles, baba wa mwanamuziki Beyoncé, mwaka 2019. Yeye aliwahi hospitali, akafanyiwa upasuaji, akakutwa na hitilafu kwenye jeni ya BRCA2, kisha akajitokeza kwenye televisheni na kulisema jambo lake. Hitilafu hiyo mzazi yeyote, baba au mama, aweza kumrithisha mtoto wa kike au wa kiume. Kwa hiyo wewe ambaye mama, dada au shangazi yako ameugua, usijione uko nje. Hata unene uliokithiri na ini lililoharibika kwa pombe huongeza hatari, maana homoni ya estrojeni humzidi mtu mwilini.

Mwaka huohuo wa 2019 watafiti wa Marekani walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya milioni 1.8. Baada ya miaka 5 walikuwa hai wanawake 86 katika kila 100, na wanaume 78 hivi. Asilimia 63 ya vifo hivyo vya ziada vya wanaume ilielezwa na hali ya ugonjwa wenyewe, ikiwemo hatua uliyofikia, na matibabu pungufu. Basi wengi hawakuandikiwa kufa kwa sababu ni wanaume.

Uvimbe wa wanaume walio wengi hustawi kwa estrojeni, ndiyo maana vidonge vya tamoksifeni huwasaidia sana. Lakini hunywewa kwa miaka, na vyaweza kuleta joto la ghafla na kupunguza hamu ya tendo la ndoa. Mwanaume huona haya kulisema hilo, akaviacha kimyakimya. Sisi wahudumu tumuulize kabla hajaviacha. Na Oktoba ijayo nataka bango lenye kifua cha mzee, libandikwe kijiweni, kwa kinyozi na msikitini, si mlangoni kwa kliniki ya kina mama peke yake.