Moto Katika Baraza Iliyozibwa

Mzazi mmoja wa hapa kwetu Shanwe ametuletea swali ambalo twaona lawahusu wengi, nasi tumelipa ukurasa wote wa mwezi huu. Ameiziba baraza yake ya uani kwa matofali na madirisha ya vioo, akaiezeka bati, ili apate chumba cha mama yake mzazi ambaye baridi yamsumbua miguuni. Mchana jua hupenya vioo na chumba huwa na joto la kupendeza. Usiku wa Juni na Julai hugeuka kuwa kama kisima. Auliza, atie moto wa namna gani?

Mji wetu wa Mpanda uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kiangazi mbingu huwa hazina wingu, basi joto la mchana huondoka upesi jua likishakuchwa. Kioo na bati ndivyo hulipoteza kwanza. Kwa hiyo, kabla ya kununua chombo chochote, twamnasihi atie dari, aning'inize mapazia mazito yafikayo sakafuni, na atandike zulia juu ya saruji. Gharama hiyo hulipwa mara moja tu.

Sasa moto wenyewe. Jiko la mkaa twalikataa kabisa. Mkaa uwakapo hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu. Na aliyelala huenda asiamke akazitambua dalili hizo. Aghalabu watu huwasha jiko nje, wakaliingiza ndani makaa yakishakuwa mekundu, wakidhani shari imeondoka pamoja na moshi. Masikini! Moshi ndio uliokuwa ukiwaonya. Hata kuyafunika makaa kwa majivu hakufai, maana huendelea kutoa sumu kwa saa nyingi.

Wako watakaosema kwamba wazee wetu waliota moto ndani ya nyumba maisha yao yote. Ni kweli, lakini nyumba zao zilikuwa za fito na nyasi, upepo ukipita baina ya ukuta na paa. Ndugu yetu ameziba kila ufa, na kadiri azibavyo ndivyo moto uzidivyo kuwa adui wa aliyemo. Majiko ya gesi na ya mafuta ya taa nayo hula hewa ya chumba, wala si salama kwa mwenye kulala. Tena katika hadithi aliyoipokea Ibn Umar, iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametukataza kuuacha moto nyumbani tulalapo. Hatuoni jiko la mkaa limesamehewa kwa njia gani.

Umebaki umeme. Hita ya wati 2,000 hula uniti 2 kila saa. Ikikesha saa 9 ni uniti 18, na LUKU italia kabla ya wiki kwisha. Aiwashe nusu saa kabla mama hajalala, kisha aizime. Waya wake uingie katika soketi ya ukutani peke yake, na chombo kikae mbali na chandarua.

Kinachobaki usiku ni kazi ya mfuko wa mpira wa maji ya moto. Kuchemsha lita 2 hakufiki robo ya uniti. Maji yaachwe yapoe kidogo, mfuko uviringwe kwa taulo, maana miguu ya mzee, hasa mwenye ugonjwa wa sukari, yaweza kuungua bila yeye kuhisi. Aongeze blanketi na soksi za sufi.

Jiko la mkaa na likae uani. Alfajiri apashie hapo maji ya udhu, ampelekee mama yake yakiwa vuguvugu.