Umri wa Ndoa Si Cheti cha Siha

Imeenea katika mitaa yetu ya Dagoretti, kuanzia Kawangware na Riruta hadi Waithaka na Mutuini, imani kwamba mume na mke waliokwisha kukaa pamoja miaka saba au kumi bila mmoja wao kuugua hawana haja ya kupimwa maradhi ya zinaa, na kwamba yeyote kati yao atakayethubutu kuutaja upimaji huo, ama amefanya hiana mwenyewe, ama anamshuku mwenziwe. Imani hii hutetewa hata na wazee wenye busara katika mambo mengine, na aghalabu husemwa kwa upole: "Sisi tunaaminiana." Nami naipinga bila kusita, kwa kuwa nina yakini kwamba inawadhuru watu wema kuliko waovu. Mwovu anajua alikopita, na hofu yake huweza kumfikisha kwa tabibu. Mwema hana kinachomsukuma kwenda, naye hukaa na ugonjwa akidhani amekaa na amani.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba ugonjwa uliomo mwilini hauna budi kujidhihirisha. Wanawake walio wengi miongoni mwa wenye klamidia hawaoni dalili hata moja, na wanaume wengi pia. Kisonono, ambacho kwa mwanamume aghalabu hujulikana upesi kwa maumivu na usaha, kwa mwanamke huweza kukaa kimya mpaka kikaiziba mirija ya uzazi, na mke akaja kuitwa tasa na mawifi zake pasipo mtu kukijua chanzo. Kaswende huanza kwa kidonda kisichouma, nacho hupona chenyewe, kisha maradhi hujificha mwilini kwa miaka, pengine miongo, huku yakiunyemelea moyo na ubongo. Na virusi vya papiloma, ambavyo ndivyo asili ya saratani ya mlango wa kizazi, huweza kuingia kabla ya harusi na madhara yake yasionekane hata watoto wamekwisha kuoa. Uchunguzi mkubwa wa taifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2007 ulionyesha kwamba takribani watu 35 kwa kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 64, walikuwa na virusi vya malengelenge ya sehemu za siri. Zaidi ya thuluthi! Hao si watu wa vichochoroni peke yao. Ni majirani zetu, wenye ndoa, kazi na watoto shuleni, na wengi wao miili yao haijapata kuwaambia neno.

Lipo tawi moja la imani hii linalonisikitisha kupita mengine, nalo ni mume kujihesabu amepimwa kwa sababu mkewe amepimwa. Mama mjamzito anapokwenda kliniki, iwe Riruta au Waithaka, damu yake huchukuliwa ikapimwa VVU na kaswende, na majibu huandikwa katika kijitabu chake. Akirudi nyumbani na habari njema, baba wa nyumba humshukuru Mungu kana kwamba sindano ilidungwa mkononi mwake yeye. Lakini uchunguzi ule ule wa 2007 ulikuta kwamba karibu ndoa 6 kwa kila 100 zilikuwa na mmoja mwenye virusi vya ukimwi na mwenziwe asiye navyo, na kwamba kati ya watu wote waliopatikana na virusi hivyo, zaidi ya wanne kwa kila watano hawakuwa na habari. Na ulipofanywa utafiti wa dawa za kinga kwa nyumba za namna hiyo, Kenya na Uganda, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2011, zilipatikana jozi zaidi ya 4,700 za mume na mke za kushiriki. Mtu huweza kuishi miaka na mwenziwe mwenye virusi asiambukizwe, kwa kuwa maambukizo hayatokei kila wakutanapo; kwa hiyo damu safi ya mke haitoi ushahidi wowote juu ya damu ya mumewe. Wala kipimo hicho cha kliniki, madhali ni cha VVU na kaswende, hakina la kusema juu ya klamidia wala kisonono, hata kwa huyo mama mwenyewe.

Hapo serikali nayo ina sehemu yake ya lawama. Tangu miaka ya 1990 vituo vyetu vya umma vimefuata utaratibu wa kutibu maradhi ya zinaa kwa kutazama dalili, utaratibu wenye hekima yake, kwa sababu maabara ni chache, na mgonjwa aliyeambiwa arudi wiki ijayo huenda asirudi. Lakini asiye na dalili hupitwa. Zahanati ya Casino, karibu na River Road mjini, imewatibu wakazi wa Nairobi maradhi haya kwa miongo mingi, lakini ni nani apandaye matatu kutoka Kawangware mpaka huko ilhali hajaona kitu? Walio wengi, hata wakiona, huenda kemisti, wakanunua vidonge kwa siri na kuvimeza peke yao. Mume akapona, kisha akarudishiwa ugonjwa na mkewe ambaye hakutibiwa wala hakuambiwa.

Najua nitajibiwa kwamba kumwomba mwenzio apimwe ni kumvunjia heshima, na kwamba nyumba nyingi zimevunjika kwa karatasi ya maabara. Ni kweli zimevunjika. Lakini zilivunjwa na imani hii hii ninayoishambulia, maana anayeamini kwamba miaka ya ndoa inakinga maradhi, siku maradhi yakionekana hana fasiri nyingine ila uzinzi. Na kwa kuwa mke ndiye hutangulia kupimwa, huko kliniki, mke ndiye huitwa aliyeleta, akapigwa, akafukuzwa na mimba yake. Hakuna insafu katika hukumu hiyo. Kipimo husema ugonjwa upo. Hakisemi uliingia lini, wala kwa mlango wa nani. Yapo maradhi yasiyokaa sana mwilini, na tabibu mwaminifu atasema hivyo; lakini malengelenge, papiloma, kaswende iliyojificha na VVU vyaweza kuitangulia ndoa kwa miaka, na mwenye kuvibeba akawa hajapata kumfanyia mwenziwe hiana hata siku moja.

Kwa hiyo naitaka Kaunti ya Nairobi ifungue kliniki zake za akina mama kwa akina baba pia, na izifungue jioni, saa ambayo mafundi wa samani wa Ngong Road na wachuuzi wa soko la Kawangware wamekwisha kufunga kazi. Mume na mke watolewe damu siku moja, na majibu wapewe pamoja, na muuguzi aliyefundishwa kuwaeleza maana yake kabla neno la kwanza la lawama halijatamkwa. Na kipimo cha klamidia na kisonono, ambacho leo wengi hawakipati ila kwa kulipia maabara za watu binafsi, kiletwe Riruta na Waithaka, kwa bei ambayo kibarua ataimudu.