Tuhesabu waliopata kazi, si waliofundishwa

Ndugu wanachama wa koperative, kila mwaka tunaandika katika ripoti hesabu ya vijana waliofundishwa. Sisi maagronomu tunafurahi, mfadhili naye anafurahi. Lakini kijana mwenyewe, kiisha mafunzo ya siku 3, anarudia kuchimba mawe upande wa Kambove, sababu kule anapata makuta ya leo leo.

Mwaka 2017, David McKenzie wa Benki ya Dunia alipitia tafiti za mafunzo ya ufundi katika nchi zinazoendelea. Kwa kila watu 100 waliofundishwa, ni 2 au 3 tu waliopata kazi ambayo wasingeipata bila mafunzo. Ni kidogo sana.

Basi tuache kufundisha? Hapana. Kule Uganda walijaribu njia mbili, na matokeo yakatolewa mwaka 2020. Vijana wengine walisoma ufundi shuleni miezi 6, wengine walifundishwa kazini kwa patron. Makundi yote mawili yalipata kazi na mapato kuliko wasiofundishwa. Wale wa patron walitangulia, lakini faida yao ikapungua kadiri muda ulivyopita. Wale wa shule walidumu, sababu walikuwa na breveti: kazi ikiisha hapa, patron mwingine anaona karatasi na anaamini.

Hapa Likasi tunajua maana yake. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka Gécamines. Mikono ilijua kazi, lakini kazi yenyewe haikuwako tena.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, kabla ya kufungua mafunzo, tuulize: nani atalipa kazi hii? Mashine ya kusaga mahindi ikiharibika, au motopompe, fundi anatoka wapi? Kama tunamwita toka mjini, basi kuko kazi ya mtoto wetu. Pili, tulipie vijana 4 miezi 6 mpaka breveti, kuliko kukusanya vijana 60 siku 3. INPP iliundwa tangu 1964 kwa kufundisha watu kazi. Tugonge mlango wake.

Watu watasema hesabu ya ripoti itakuwa ndogo. Iwe ndogo. Kiisha mwaka mmoja twende kwa wale 4, tuulize kila mmoja: unafanya kazi gani, na unalipwa ngapi? Majibu yao njo ripoti yetu.