*TAMKO LA TAWI: VALVU NA HAIDRANTI ZIINGIE KWENYE BAJETI*



Vikao vya bajeti vinakaribia. Kama kawaida, maombi yanayofika mezani kwetu ni ya miradi mipya: kisima, tangi, kilomita za bomba. Hayo yote ni haki yetu, wala hatuyarudishi nyuma. Ila mwaka huu Kamati ya Utendaji imekubaliana kwamba hoja ya kwanza ya Tawi itakuwa vifaa vya zamani vilivyoko chini ya ardhi, yaani valvu za mabomba ya maji na haidranti, vile visima vya maji ya kuzimia moto.

Tueleze kwa nini, maana wapo watakaosema Tawi limekosa ajenda.

Bomba likipasuka, fundi anatakiwa kufunga valvu mbili, moja kila upande, kisha akate na kuunga. Kazi inaisha na mtaa mmoja tu ndio umekosa maji. Valvu ikiwa imeganda kwa kutu, anarudi nyuma kutafuta nyingine. Hiyo nayo chemba yake imejaa mchanga, au imefukiwa barabara ilipowekwa lami. Mwisho anafunga kule mbali, na mitaa mitano inakauka kwa sababu ya mpasuko mmoja. Muda wote huo maji yanamwagika barabarani, na yameshasukumwa kwa umeme na kutiwa dawa kwa fedha za wateja.

Hapo ndipo hesabu inapouma. Ripoti za EWURA za miaka ya karibuni zinaonyesha wastani wa maji yanayopotea nchini ni zaidi ya theluthi moja ya yanayozalishwa, wakati kiwango kinachokubalika ni asilimia 20. Si yote yanapotelea kwenye valvu mbovu, yapo ya wizi na ya mita zisizosoma sawasawa. Lakini huwezi hata kutafuta mvujo ulipo kama huwezi kufunga kipande cha bomba na kukipima peke yake.

Kuna jambo zito kuliko fedha. Sehemu kubwa ya mji wetu inatumia vyoo vya shimo na makaro, na ardhi yetu ya pwani ni mchanga unaopitisha maji upesi. Bomba likiwa na maji yenye msukumo, uchafu wa nje hauingii. Likikauka, ufa uleule uliokuwa ukitoa maji unaanza kuvuta yaliyouzunguka, na wakati wa masika tunajua yaliyouzunguka ni nini. Kwa hiyo kila mgao unaosababishwa na valvu iliyoganda ni mlango wa kipindupindu. Tusisubiri mvua kama za Aprili 2019, tulipokikimbia kimbunga Kenneth, ndipo tuanze kuulizana.

Sasa haidranti. Gari la zimamoto lenye lita 5,000, likimwaga lita 500 kwa dakika, linakauka ndani ya dakika 10. Baada ya hapo ama linajaziwa jirani na moto, ama linaondoka kufuata maji na moto unabaki na wenyewe. Mji huu una maghala ya korosho, na kila aliyewahi kubangua anajua ganda la korosho lina mafuta na linavyowaka. Tuna bandari, tuna maduka yaliyobanana. Soko la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na liko katikati ya jiji kubwa kuliko yote nchini. Namba 114 tunaijua sote. Wangapi wanajua haidranti ya karibu na nyumba yao iko wapi?

Hapa tuseme ukweli na kwetu pia. Chumvi ya bahari inakula chuma, hilo ni la Mungu. Lakini kumwaga kifusi juu ya chemba, kujenga kibanda juu yake, kung'oa mfuniko na kuuza kama chuma chakavu, hayo ni ya watu, na baadhi yao wana kadi za Chama. Atakayekamatwa na mfuniko asitegemee barua ya utetezi kutoka ofisi hii.

Wengine wanauliza kwa nini tusidai mabwawa ya kutibu majitaka kama ya Dodoma na Moshi. Tunayataka. Ila mfumo wa majitaka nao unahitaji valvu. Valvu ya maji safi ikiganda tunakosa maji. Ya majitaka ikiganda, kila mtaa utapata harufu ya habari hiyo.

Tatizo la matengenezo ni kwamba hayana utepe wa kukata. Hatujawahi kuona mgeni rasmi akizindua valvu. Kwenye vitabu kifaa kinapunguzwa thamani kila mwaka mpaka kinafika sifuri, na mtaani bado ndicho kinachotegemewa, kwa kuwa fedha ya kukibadilisha haikutengwa.

Kwa hiyo tunawaomba madiwani wetu waulize mambo matatu tu: orodha ya valvu na haidranti ipo? Zilizungushwa na kujaribiwa lini? Kifungu cha kuzibadilisha kina shilingi ngapi, mbali na fedha za dharura? Na EWURA ikiitisha mkutano wa maoni kuhusu bei za maji, tusiishie kulalamikia bei ya uniti. Tuombe kuonyeshwa fungu la matengenezo ndani ya bei hiyo.

Kazi ya kila mwanachama kabla ya Ijumaa jioni: pita mtaani kwako. Ukiona haidranti au chemba ya valvu, piga picha, andika jina la mtaa na alama iliyo karibu, kisha tuma kwa balozi wako, *si kwenye kundi hili*. Usifungue mfuniko wala kujaribu kuzungusha chochote. Mabalozi watawasilisha ofisini Jumamosi saa 3 asubuhi. Wazee waliofanya kazi za mabomba zamani tunawaomba sana wafike, maana kuna chemba ambazo ni wao pekee wanaojua zilipofukiwa.

_Imetolewa na Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ya Tawi, Mtwara Mjini._